Huyu "injinia" wa mkandarasi atatuua mafundi wa Kampala!

Kebo_Kampala:
Jamani, nimetoka kazini sasa hivi na bado natetemeka kwa hasira. Mnamjua. Yule wa laptopu mbili, anayetembea kama vile intaneti ya Uganda nzima kaileta yeye begani. Leo mbele ya bosi, mbele ya mhasibu, mbele ya dada wa chai, kaniambia: "Wewe fundi, chomeka waya vizuri." Chomeka waya! Mimi!

Akses pointi mpya za ghorofa ya nne, vile vifaa vya dari vya kurusha Wi-Fi, zinapata umeme kutoka kwenye swichi inayounganisha nyaya za mtandao, zinapata IP, yaani anwani ya mtandao. Ila taa ni kijani, nyekundu, inazima, kijani, nyekundu, inazima, tangu asubuhi. Waya unahusikaje hapo? Inatafuta kontrola, mashine inayoongoza akses pointi zote, haiioni! Inaita kwenye sabneti yake, yaani kipande chake cha mtandao, kontrola iko VLAN nyingine, kipande kingine kabisa, na rauta inayounganisha vipande haipitishi brodikasti, ule mwito wa kuita wote, hivi hivi. Lazima DHCP, huduma inayogawa IP, iipe anwani ya kontrola kwenye opsheni 43, sehemu ya kuiandikia, au DNS yenu, kitabu cha majina ya mtandao, ijue jina CISCO-CAPWAP-CONTROLLER.

Nikafungua DHCP, aliyoiweka yeye mwenyewe. Nakuta opsheni 43 imeandikwa f1040a0a0502. Zile nane za mwisho ukizisoma kwa hesabu ya kawaida ni 10.10.5.2, kontrola ya zamani ALIYOING'OA KWA MKONO WAKE! Mpya iko 10.10.8.2. Za ghorofa za chini zinadunda kwa sababu zilishahifadhi anwani ya kontrola mpya kabla ile ya zamani haijang'olewa. Hizi mpya zitaijulia wapi? Namwonyesha skrini, hata hageuki. "Chomeka waya vizuri." Na dada wa chai akacheka. Dada wa chai, jamani!

Mzee wa Bombo:
Pole mdogo wangu. Huyo huyo kwetu aliweka fayawoli, ule ukuta wa kulinda mtandao, akasahau kufungua UDP 5246 na 5247, milango ya akses pointi kuongea na kontrola. Akses pointi zikabaki mapambo ya dari, lawama tukabeba sisi.

Binti Ntinda:
Sawa kaka, tumekusikia. Lakini waya ulikuwa umechomekwa? 😂😂

Kebo_Kampala:
Binti, usinichokoze leo! Umeme wenyewe unapita kwenye waya huohuo!

Binti Ntinda:
Mimi naulizia tu dada wa chai. Ameolewa?

Kijana wa Jinja:
Nyie mna kontrola mnalalamika. Sisi shule nzima rauta moja, imefungiwa ofisini kwa mkuu, na akisafiri anaizima kabisa eti isiungue.

Mama Rolex Wandegeya:
Afadhali inazimwa mkajua. Mimi bando la wiki limekwisha siku ya pili, na sikufungua hata video moja.

Mzee wa Bombo:
Mama, hapo umenigusa. La kwangu lilikwisha simu ikiwa mfukoni, nikiwa msikitini! Nikapiga huduma kwa wateja, wakaniwekea muziki mpaka na salio likaisha.

Kijana wa Jinja:
Mzee, fungua uzi wa mabando, tunakuja wote.