Tupeane uzoefu: mikate ya Kichina ya kujaza mboga (jiucai hezi, xianbing). Wewe unaipikaje nyumbani?

Mama_Jikoni_Dar
Wapendwa salaam. Mliowahi kuishi kaskazini mwa China hiki kitu mnakijua: unga wa ngano, ndani jiucai (yale majani bapa yenye harufu ya kitunguu saumu), mayai na tambi za choroko, unakaanga kwa mafuta kidogo mpaka mabaka ya kahawia yatokee pande zote mbili.

Mimi nilisoma Tianjin. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa hakubali siku ya 3 ya mwaka mpya wao ipite bila kuzipika. Ndiyo desturi ya huko: siku ya 1 jiaozi, ya 2 tambi, ya 3 hezi. Basi nikawa nasimama naye jikoni, na somo lake lote lilikuwa kupambana na maji. Jiucai zinaoshwa asubuhi na kutandazwa juu ya taulo zikauke, ndipo zikatwe. Mayai anayakaanga huku anakoroga kwa vijiti bila kupumzika mpaka yawe chengachenga, kisha anayaacha yapoe kabisa. Tambi zikishalainika anazikatakata. Halafu anamimina mafuta ya ufuta kwenye majani, anageuzageuza mpaka kila jani ling'ae. Chumvi ndiyo ya mwisho, madonge yako tayari na kikaango kiko motoni. Chumvi ikiwahi kukutana na jani ambalo halijapata mafuta inalikamua maji, chini ya bakuli panajaa mchuzi wa kijani, na unga unachanikia mkononi.

Sasa niko Dar, jiucai mpaka uvizie kwenye maduka ya Wachina. Nyie mnatumia nini? Karibuni.

Fundi_wa_Harbin
Dada umefunga kazi kwenye mboga, ila unga umeuruka. Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana wanakanda kama wa chapati.

Wa hezi unakandwa kwa maji yanayochemka. Mimi kwa gramu 300 za unga natia mililita 120 hivi za maji yanayotokota huku nakoroga kwa vijiti, halafu 70 za maji baridi, nakanda na kufunika nusu saa. Maji ya moto yanaua ule mvutano wa ngano. Ukisukuma haurudi nyuma, na mkate ukipoa haugeuki ngozi ya ngoma. Ukitumia maji ya moto matupu nayo ni tabu, unanata na kuchanika, ndiyo maana nachanganya.

Kuhusu umbo: hezi ni nusu duara, unabana kingo kwa vidole. Wengine wanapitisha mdomo wa bakuli pembeni kukata unga uliozidi, inatoka safi sana. Xianbing ni duara. Unaweka mboga katikati ya donge, unakusanya kingo juu na kuzifinya, unageuza, unabonyeza kwa kiganja. Upande wa mfinyo ndio unaotangulia kikaangoni, ujifunge kabla mboga haijaanza kutoa mvuke.

Angalizo kwa wanaokaa hosteli: Harbin majira ya baridi nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, hakuna anayekufungulia dirisha. Ukipika jiucai usiku, korido nzima inajua mpaka kesho yake mchana.

Binti_wa_Unguja
Mie na mume wangu tulikaa Beijing, tukila sana Niujie, kule kwenye mtaa wa Waislamu. Mambo ya halali hayakutusumbua. Mnasahau kitu kimoja jamani: vile vikamba vidogo vikavu, xiapi. Watu wengi wanavitia kwenye hezi.

Huku kwetu nakwenda sokoni nachukua uduvi. Nachambua mchanga, naukaanga mkavu bila mafuta mpaka unukie, nautwanga kidogo tu, natia konzi moja kwenye mayai. Uduvi una chumvi yake, kwa hiyo ile chumvi ya mwisho anayosema Mama Jikoni naipunguza sana, mara nyingine sitii kabisa. Badala ya jiucai natumia majani ya vitunguu na punje mbili za thomu zilizokatwa ndogo. Si ileile, lakini watoto wanamaliza sahani.

Msukuma_Chapo_Nairobi
Mimi natofautiana kidogo na wote. Majani ya vitunguu pekee hayajazi, ukiuma unapata hewa. Natumia spinachi nusu na majani ya vitunguu nusu. Spinachi iingie maji ya moto sekunde chache, itolewe kwa maji baridi, halafu uikamue ndani ya kitambaa safi. Ukamue mpaka mkono uchoke, na ukidhani imekauka ukamue tena. Sukuma wiki sikushauri, nyuzi zake hazilainiki kwa muda huo mfupi na unga utaungua ukiingoja.

Moto uwe wa wastani na kikaango kifunikwe. Dakika tatu upande mmoja, geuza, funika tena, ya mwisho mwisho ndiyo ufunue ngozi ikauke.

Mama_Jikoni_Dar
@Msukuma_Chapo_Nairobi hiyo ya kukamua nitaijaribu na chainizi, huku iko kila genge. @Binti_wa_Unguja uduvi!! Upo kabatini hapa hapa.

Mzigo_Guangzhou
Nyie mnaongea kama China yote inakula hezi. Huku Guangzhou hicho ni chakula cha watu wa kaskazini, naenda kwenye vimgahawa vyao kukitafuta, au napika ghetto. Jiucai yenyewe ipo sokoni kila siku.

Nachochangia ni kiporo: usipashe kwenye maikrowevu, unga unakuwa mpira. Rudisha kikaangoni bila mafuta, moto mdogo. Na mbichi usiilaze frijini usiku kucha, chumvi haitakungoja. Mchuzi wa kuchovya: siki nyeusi na pilipili ya mafuta, basi.

Mgeni_Jikoni
Samahanini, mtu asiyekula mayai afanyeje? Dada yangu hali kabisa.

Fundi_wa_Harbin
Chukua tofu ngumu, ivuruge kwa uma na uikaange mpaka maji yakauke na ianze kupata rangi, itakaa mahali pa mayai. Kama hali kwa sababu ya dini ya Kibudha, uliza kwanza: wengi wao hawagusi jiucai, kitunguu wala kitunguu saumu. Kwa hao tia kabichi iliyokamuliwa, karoti ya kukwaruza na uyoga mkavu uliolowekwa. Yale maji ya uyoga usimwage, ni supu hayo.