Saanane: tunalipa nauli ya boti kwenda kumtazama nani?

Mleta mada, Mkolani

Wana Mwanza, hamjambo. Juzi nikiwa kwenye kiti cha kinyozi nilisema nataka kuwapeleka wapwa zangu Saanane, kile kisiwa cha wanyama hapa Ziwa Victoria. Jamaa aliyekuwa anasubiri zamu akadakia: "Saanane hakuna kitu. Simba amelala, swala wachache, yaliyobaki mawe. Hela hiyo nunua sato mle." Kijiwe kizima kikacheka. Nilikwenda hivyo hivyo, nimerudi, na naleta swali hapa kwa sababu lile neno la kinyozini lina nusu ya ukweli, na ndiyo nusu inayoniudhi.

Swali: sehemu ndogo ya wanyama katikati ya jiji inastahili safari, au tudunduize tusubiri Serengeti?

Tuelewane kwanza. Kwa karatasi Saanane si zuu tena. Ilianza 1964 kama zuu ya kwanza nchini, ikawa pori la akiba 1991, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote tulizonazo: kilomita za mraba 2.18, na humo maji yamehesabiwa. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi pale akilima na kuvua kabla wanyama hawajaletwa. "Zuu" imebaki mdomoni kwa sababu vizimba navyo vilibaki.

Sasa nilichokiona. Mtoto wa dada yangu, miaka saba, alivua jaketi okozi akalitupa, akakimbia moja kwa moja kwenye kizimba cha simba. Simba alikuwa amelala ubavu, mgongo kwetu. Nzi watatu kwenye sikio. Sikio linatikisika, nzi wanaruka, wanatua palepale. Tulisimama kama dakika kumi hivi. Mtoto akauliza, "Mjomba, anaumwa?" Nikamwambia amechoka tu. "Amechoka na nini?" Hapo nikaishiwa.

Tukazunguka nyuma. Juu ya mwamba, jua la saa tatu likiwa limeshaupata, walikuwa pimbi zaidi ya kumi wamejilaza kama samaki walioanikwa. Mmoja mnene amekaa peke yake ukingoni, anatafuna, anatutazama kama mwenyekiti wa mtaa anayesikiliza kesi ya mpaka. Mwongozaji akasema huyu ni ndugu wa tembo. Mpwa wangu hakuamini, akataka kuona mkonga. Akaonyeshwa badala yake yale meno mawili ya juu yanayochomoza, na michirizi myeupe kwenye jiwe ambayo mimi nilidhani ni chokaa kumbe ni mikojo ya ukoo mzima, miaka nenda miaka rudi. Kumtoa pale ilibidi nimwahidi soda.

Basi msimamo wangu: kwenda inafaa, ila tunamtangaza mnyama asiye mwenyewe. Simba waliopo wazeeke kwa heshima, wasiletwe wengine, kisiwa kiachiwe wale wanaotembea. Karibuni mnipinge.

Dereva wa watalii, Pasiansi

Nakupinga na mapema. Piga hesabu: daladala mpaka mjini, boda mpaka Capri Point, kiingilio, boti, maji ya kunywa, na hiyo soda ya rushwa. Watu watano. Kwa ajili ya pimbi? Pimbi wamejaa kwenye mawe ya Bugando, wanaangaliwa bure.

Kutoka hapa mpaka lango la Ndabaka hazifiki kilomita 150, lami tupu, unapita Magu, unapita Lamadi, umeingia Serengeti. Kilomita za mraba zaidi ya 14,000. Watu wanavuka bahari kuja kuiona, sisi tulio mlangoni tunapanda boti kwenda kutazama nzi. Zuu ndogo ni kisingizio cha uvivu.

Mama wa wanne, Igoma

Kaka dereva, lami tupu, sawa. Gari la nani?

Kiingilio cha Mtanzania Serengeti kinalipika. Kinachotushinda ni gari, mafuta, na wewe mwenyewe na posho yako. Ukiingia na watoto wanne kwa miguu pale Ndabaka utapokelewa na askari au na nyati.

Shule ya mwanangu wa tatu, siitaji, ilituchangisha hela ya Serengeti. Basi likaharibika Magu, watoto wakashinda kwenye kibanda cha miwa, wakarudishwa usiku. Hela haikurudi, na tukiuliza tunaambiwa "safari ilifanyika". Mwaka uliofuata nilimpeleka mwenyewe Saanane. Mpaka siku ile simba kwake alikuwa yule wa noti ya elfu mbili. Aliposogea kwenye kizimba akaziba pua. Akaniambia, "Mama, ananuka!" kwa furaha, kama mtu aliyegundua siri. Noti hainuki. Televisheni hainuki.

Kwa hiyo mleta mada naye anisikilize. Unasema simba aondoke abaki pimbi. Wewe umeshamwona simba kwingine, ndiyo maana unaona huyu wa kizimbani hana maana. Mwanangu hana mwingine.

Mfanyabiashara wa samaki, Kisumu

Hamjambo majirani. Mimi niko Mwanza kila mwezi kwa biashara, na nimefika Saanane mara mbili. Msilie udogo. Impala Sanctuary yetu Kisumu, iliyotengwa 1992, ni kilomita za mraba 0.34. Ya kwenu ni kubwa mara sita na zaidi. Yetu ina swala na ina wanyama wa kufungiwa, simba wakiwemo, na bado familia zinajaa Jumapili. Usiku viboko wanatoka ziwani kula nyasi, na hawaulizi nani ana tiketi.

Lakini nendeni Entebbe muone tofauti. Ile zuu ya Waganda ilianzishwa 1952 kwa ajili ya wanyama mayatima na waliojeruhiwa. Pale unaambiwa huyu aliokolewa kwenye mtego, huyu alinaswa akiuzwa. Kizimba hicho hicho, waya huo huo, lakini mtoto anaondoka na hadithi. Ndiyo nauliza: simba wenu alitoka wapi? Kama aliokolewa, pale ni wodi. Kama alikamatwa mzima akaletwa apigwe picha, ni rumande. Siwezi kusema inastahili au haistahili kabla sijajua hilo.

Mleta mada, Mkolani

Mkisumu umenishika pabaya. Sikuuliza. Nilisimama dakika kumi namhurumia, mwongozaji yuko hatua tatu kutoka kwangu, na sikumwuliza alitoka wapi wala ana miaka mingapi. Nilikuwa napiga picha.

Mama wa Igoma, hiyo ya noti imenikaa. Ila niruhusu niulize: mwanao alipoziba pua akafurahi, je simba alisimama? Alitembea? Wa kwangu alitoka pale akiamini simba ni mnyama wa kulala.

Dereva wa watalii, Pasiansi

Kwenye hilo la kulala, mkuu, nimtetee simba. Simba huru naye analala mpaka saa 20 kwa siku. Nina wageni wamekaa kwenye gari langu kwa muda wa saa nne na nusu chini ya mti wa mgunga, simba sita miguu juu, hakuna aliyegeuka. Wamelipa madola. Wakarudi wakisema safari ilikuwa nzuri sana.

Mama wa wanne, Igoma

Ahaa! Kwa hiyo simba anayelala Serengeti ni utalii, anayelala Saanane ni "hakuna kitu"?

Dereva wa watalii, Pasiansi

Dada, yule akiamka anakwenda anakotaka.

Mstaafu wa wanyamapori, Capri Point

Wanangu, mjadala mzuri. Niongeze kidogo, maana naona watu wanaongea kana kwamba kizimba kinafunguliwa tu asubuhi moja na mambo yanakwisha.

Ziwa hili hili limewahi kufanya jambo hilo. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa kwenye zuu na sarakasi za Ulaya waliletwa kisiwa cha Rubondo, kazi ya Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama Mjerumani, wakaachiwa msituni. Wengine hawakuwa wamepanda mti maishani mwao. Walijifunza majani ya kula, wakajenga viota, wakazaa, na uzao wao uko kule mpaka leo. Mimi nikimsikia mtu anasema mnyama wa zuu ameshaharibika moja kwa moja, namwelekeza Rubondo.

Lakini malizieni habari. Madume wawili waliokwisha kuwazoea watu walirudi kuwashambulia, ikabidi wapigwe risasi. Na Rubondo ni kubwa, hifadhi nzima ina kilomita za mraba 456, msitu wa kutosha mtu na sokwe wasionane wiki nzima. Saanane ukitupa jiwe kwa nguvu linaingia ziwani. Simba aliyekulia kizimbani ukimfungulia pale, atakula swala wote mwezi wa kwanza, kisha atakaa gatini kusubiri boti. Ukimpeleka Serengeti, simba wa kule wana mipaka yao, watamuua.

Kwa hiyo "wazeeke kwa heshima" ndiyo kauli pekee ya kitaalamu niliyoisoma hapa, ila aliyeisema ajue heshima ina bei: nyama kila wiki, daktari, kivuli, mtu wa kufagia. Anayelipia ni yule yule mgeni mliyemwambia asiende. Kisiwa kikikosa wageni, simba hapati uhuru. Anapata njaa.

Halafu hao swala mnaowaona wanatembea huru, nao wamezungukwa na maji. Kikundi kidogo kisiwani kinazaana ndugu kwa ndugu, lazima madume wapya waletwe mara kwa mara. Kizimba chao ni kikubwa zaidi, basi.

Mleta mada, Mkolani

Mzee, shikamoo. Hapo kwenye nyama kila wiki umenirudisha nyuma. Mimi nilikuwa nimeyaweka kwenye mizani mambo mawili, hela yangu na huruma yangu. Kwamba tiketi yangu ndiyo chakula chake halikunijia. Bado sitaki waletwe wengine. Ila yule aliyepo, nadhani nina deni naye.

Mwanafunzi, Nyegezi

Naona mnazungumza simba simba. Kuna mjusi pale kwenye mawe, dume ana kichwa chekundu na mwili wa bluu, anapiga pushapu kama mwanajeshi mpya. Mnajua jina lake la kisayansi? *Agama mwanzae*. Ana jina la mji huu tangu 1923. Kuna watu nje ya nchi wanawafuga kwenye sanduku za vioo kwa sababu ya zile rangi. Sisi tunawarushia mawe.

Dereva wa watalii, Pasiansi

Huyo yuko ukutani kwangu, Pasiansi. Nimlipie na boti?

Mwanafunzi, Nyegezi

Umeshawahi kumtazama lakini, broo? Mimi sikuwahi, mpaka mwongozaji wa Saanane aliponisimamisha mbele yake na kuniambia nisisogee. Dume linashusha kichwa, linapandisha, jike liko juu ya jiwe linajifanya halioni. Nimekulia Mwanza miaka 22.

Mfanyabiashara wa samaki, Kisumu

Sawa, lakini swali langu halijajibiwa. Simba alitoka wapi?

Mama wa wanne, Igoma

Nitakuulizia. Jumamosi nampeleka yule wa mwisho, ana miaka mitano, kaka zake wamemjaza maneno. Nitamwuliza mwongozaji alitoka wapi, ana umri gani, anakula kilo ngapi, nitaleta majibu hapa hapa. Na kaka dereva, kama Jumamosi huna wageni, gari lako lina nafasi ya kutufikisha Capri Point?

Dereva wa watalii, Pasiansi

Mafuta yako.

Mama wa wanne, Igoma

Nimejua tu. Mleta mada, hao pimbi wanatoka saa ngapi?

Mleta mada, Mkolani

Asubuhi, jua likianza kupasha mawe. Ikifika saa tano wameshaingia kwenye nyufa. Beba kofia, kule juu hakuna kivuli. Na mtoto asichezee maji ukingoni, kichocho kipo, mamba naye yupo.