Namsaidia mgonjwa wa kitanda cha jirani: nifanyeje nisimwambukize mama yangu?

Binti_Cheyo (Tabora)

Habari zenu, ndugu zangu. Namuuguza mama yangu, ambaye amefanyiwa upasuaji wa tumbo na bado amelazwa katika wodi ya wanawake hapa Tabora. Kitanda kinachofuata kina mama mmoja wa Sikonge mwenye kidonda cha kisukari mguuni, kinachotoa usaha hadi bandeji inalowa, na ndugu zake hawawezi kufika kila siku kwa sababu ya nauli. Siwezi kumwacha ashinde na njaa nami nipo hapo, kwa hiyo namlisha, namwosha na kumpelekea chombo cha haja, kisha narudi kwa mama. Muuguzi wa zamu amenionya kwamba kwa mtindo huo naweza kuhamisha vimelea kutoka kwenye kidonda kile hadi kwenye mshono wa mama. Glovu ninazo, huzivaa asubuhi ninapoanza kuwahudumia. Je, zinatosha, au niache kumsaidia?

Muuguzi_Ujiji

Pole kwa kuuguza, dada. Usiache kumsaidia, lakini mtindo huo wa glovu uuache leo hii. Jozi moja ikivaliwa asubuhi nzima hubeba uchafu wa kitanda kimoja hadi kingine kama mikono mitupu, na huzidi kwa ubaya kwa sababu aliyeivaa hujiona salama na hanawi. Glovu ni za mgonjwa mmoja na kazi moja. Ukizivua unawe, kwa kuwa huwa na vitundu visivyoonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua.

Nawa kabla ya kumgusa mama, baada ya kumgusa jirani, baada ya kushika mkojo, kinyesi au usaha, na hata baada ya kugusa shuka au kabati lake tu. Kunawa kwa sabuni na maji tiririka huchukua sekunde 40 hadi 60. Kitakasa mikono chenye spiriti husuguliwa sekunde 20 hadi 30, mradi mikono haina uchafu unaoonekana. Mgonjwa akiharisha, tumia sabuni na maji, kwa sababu baadhi ya vimelea vya kuharisha havifi kwa spiriti. Wengi husugua viganja wakasahau vidole gumba na ncha za vidole. Nimeona pia mara nyingi ndugu wa mgonjwa ananawa vizuri kabisa, kisha anajifuta kwa kanga aliyojifunga kiunoni, kanga ile ile iliyokuwa ikigusa kitanda alipokuwa akimgeuza mgonjwa.

Panga kazi zako: mhudumie mama kwanza, kisha jirani. Kila mmoja awe na beseni lake na kitambaa chake, vitiwe alama, vioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Bandeji ya jirani ikilowa, mwite muuguzi, usiifungue. Mshono wa mama nao msiukande kwa maji ya moto wala kuupaka dawa yoyote ya nyumbani.

Bwana_Afya_Kigoma

Naongezea kuhusu sakafu na hewa. Mwaka 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi, kila mtu Kigoma alizungumzia klorini. Ni dawa nzuri, ila haifanyi kazi ipasavyo juu ya uchafu. Damu au kinyesi kikimwagika hufutwa kwanza, sehemu ile husafishwa, ndipo hupakwa klorini ya asilimia 0.5 na kuachwa kwa dakika 10. Huchanganywa upya kila siku kwa kuwa hupungua nguvu, wala haichanganywi na dawa nyingine ya usafi, kwani huweza kutoa hewa yenye sumu. Kazi hiyo ni ya wahudumu wa wodi. Wewe waite mapema.

Madirisha ya pande zote mbili yaachwe wazi. Najua usiku wa Juni na Julai una baridi, na ndugu huyafunga kwa huruma, lakini vimelea vya kifua kikuu huelea hewani kwa saa nyingi. Mwongezeeni mgonjwa blanketi.

Binti_Cheyo

Asanteni sana. Nina swali moja linalonitia aibu: nikimwona daktari au muuguzi ametoka kwa jirani na kuja moja kwa moja kwenye mshono wa mama, niseme nini?

Mama_Mstaafu_wa_Wodi

Mwanangu, sema kwa upole na useme mapema, kabla hajamgusa: “Sista, samahani, nikumiminie maji unawe?” Huko Vienna, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza wenzake waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika kina mama waliokuja kujifungua. Vifo vya kina mama katika wodi yake vilishuka kutoka zaidi ya 18 kwa kila 100 mwezi Aprili hadi takriban 2 mwezi Juni, na bado madaktari wengi walichukia kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Kwa hiyo atakayekasirika si wa kwanza, nawe usirudi nyuma.

Jambo jingine, mwone muuguzi kiongozi wa wodi asubuhi, umwombe mgonjwa mwenye kidonda kinachovuja ahamishiwe kitanda cha pembeni, mbali na waliofanyiwa upasuaji. Mweleze pia kwamba ndugu zake hawafiki, ili wauguzi wapange nani atamwosha.