Mita inahesabu kiti changu cha magurudumu kikiwa bado kando ya barabara!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Natumia kiti cha magurudumu, naishi Kampala, na nimechoka kulipia dakika ambazo gari limesimama tu.

Jana niliita gari kwa simu, Wandegeya hadi Ntinda. Programu ikakadiria 12,000. Dereva kafika, kabonyeza kuanza safari, mimi niko nje bado, hata mlango haujafunguliwa. Nikahamia siti ya mbele kwa mikono yangu, yeye akahangaika kuingiza kiti kwenye buti. Mle ndani kuna tairi la akiba na dumu la maji, kwa hiyo sehemu ya kuwekea miguu ikawa inakwama. Anakisukuma, anakitoa, anakigeuza. Simu iko kwenye dashibodi, dakika zinakwenda. Ntinda mchezo uleule: kiti kishushwe, kikunjuliwe, nihamie, ndipo akabonyeza kumaliza. 17,000! Kuuliza, naambiwa: "Nyabo (mama), mita ndiyo imesema."

Mita haisemi. Mita inabonyezwa.

Hawa wa magari ya programu wanatoza kwa kilomita na kwa dakika. Foleni ya Kampala tunailipa wote, sina neno. Ila dakika za kupakia kiti nazilipa peke yangu, kupanda na kushuka. Nikaandikia kampuni yenye programu. Jibu lao? Niite gari kubwa zaidi. Gari kubwa lina bei yake kubwa, kwa hiyo wamenitoa kwenye tozo moja wakanitia kwenye nyingine. Na teksi za barabarani, zile daladala zetu, ndiyo usiseme, kondakta anataka nauli ya watu wawili kwa sababu "kiti kimekula nafasi". Boda ndiyo kabisa, kiti nikibebe kichwani?

Makaratasi tunayo. Katiba ya 1995, ibara ya 21, inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Uingereza wao waliingia hadi kwenye kitufe chenyewe: kifungu cha 165 cha Sheria ya Usawa ya 2010, kilichoanza kutumika Aprili 2017, kinamkataza dereva kumtoza zaidi abiria wa kiti cha magurudumu, faini inafika pauni 1,000, na mwongozo wa serikali unasema mita isitembee wakati abiria anapanda, anashuka au kiti kinafungwa kisisogee ndani ya gari.

Madereva mliomo humu, najua mtasema petroli ghali na muda wenu ni mali. Kweli kabisa, na wengine mnanisaidia vizuri kuliko ndugu zangu. Lakini kampuni inakata kamisheni kila safari. Dakika za kupakia kiti ziwalipe nyinyi kutoka huko, zisitoke mfukoni mwangu.

Wenye viti na magongo, wekeni risiti zenu hapa chini, bei ya makadirio na bei mliyolipa. Nazikusanya, nawapelekea ofisini kwao wiki ijayo. Na kama ofisi ina ngazi, watashuka wao.