Karamu ya Mwisho: aliye mkono wa kuume wa Yesu ni Yohana au Maria Magdalena?

Mleta mada: Picha hii imetundikwa sebuleni kwa Wakristo wengi, na sasa inazunguka WhatsApp na maelezo kwamba yule mwenye uso laini pembeni ya Yesu ni Maria Magdalena. Nakataa. Leonardo da Vinci aliichora kati ya 1495 na 1498, ukutani kwenye bwalo la watawa Wadominika mjini Milan. Alichagua ile dakika Yesu anaposema mmoja wao atamsaliti. Fungueni Yohana 13:23-24: mwanafunzi aliyependwa, ambaye kwa mapokeo ni Yohana, yuko ubavuni pa Yesu, na Petro anamwashiria aulize anasemwa nani. Sasa tazameni picha. Petro kajipenyeza nyuma ya Yuda, mkono begani kwa yule kijana, anamnong'oneza. Ni aya hiyohiyo. Ukimweka Maria hapo, Yohana kaenda wapi? Mezani wapo 13 tu.

Mchangiaji: Mkuu, bado hujanishawishi. Shingo ile, kichwa kilivyoinama, viganja vilivyokutana: mwanamke huyo. Halafu Petro kashika kisu! Cha nini kama si chuki kwa Maria?

Mleta mada: Kisu kinajibiwa na Yohana 18:10. Usiku uleule Petro anamkata sikio Malko, mtumishi wa kuhani mkuu. Kuhusu uso, Yohana kijana asiye na ndevu ulikuwa utaratibu wa wachoraji: Castagno alimchora hivyo mwaka 1447, Ghirlandaio 1480, wote Firenze. Tena uso wenyewe umechakaa mno. Leonardo alipaka rangi juu ya plasta kavu, ikaanza kubanduka angali hai, na ukarabati wa mwisho ulichukua kuanzia 1978 hadi 1999. Ulaini unaouona kwenye nakala ya dukani si ushahidi.

Mchangiaji mwingine: Kwenye picha niko na mleta mada, ni Yohana. Ila ndugu zangu, watu wanamtafuta Maria mezani kwa sababu mimbarini alinyang'anywa heshima yake. Papa Gregori wa Kwanza, mwaka 591, alihubiri kwamba Maria ndiye yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7, wakati Luka hamtaji jina. Hadi leo nasikia mahubiri yanamwita kahaba. Huyu ndiye aliyetumwa kuwapasha mitume habari ya ufufuko! Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 ikawa sikukuu. Parokiani kwenu siku hiyo inatangazwa?