Naomba ushauri: hewa nzito na harufu katika kihema cha uyoga kilichomo ndani ya nyumba

Mama Uwani, Dar es Salaam

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Ninalima uyoga mamama (ule uitwao oyster kwa Kiingereza) katika kihema cha fremu ya mbao na nailoni nene, chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2, ambacho nimekisimamisha katika chumba cha mwisho cha nyumba tunayoishi. Mifuko yangu ni ya mabua ya mpunga yaliyochemshwa na kuchanganywa na pumba, na mingine ambayo utando mweupe wa nyuzi za uyoga haujamaliza kuenea nimeiweka humohumo, chini ya ile inayozaa.

Nina matatizo mawili, na kila ninapojaribu kulitatua moja, jingine linazidi. Nikifunga zipu, uyoga unaota na shina refu jembamba na kofia isiyozidi upana wa ukucha wa kidole gumba, hivyo wateja wanaukataa. Nikiiacha wazi, kofia zinakauka kingo na kupasuka, na harufu inatoka hadi koridoni. Harufu yenyewe si moja: kuna siku ni ya uchachu, kuna siku ni kali ya kuwasha pua kama ya mkojo, na kwenye mfuko mmoja wa pembeni nasikia harufu tamu ya nazi ambayo sielewi inatoka wapi. Asubuhi nakuta vumbi jeupe laini juu ya nailoni na sakafuni.

Jambo linaloninyima raha zaidi ni kwamba mwanangu mdogo ana pumu na analala chumba cha pili kutoka hapo. Nimeshauriwa kununua feni yenye chujio la mkaa, lakini ni gharama, na ningependa kujua kama kweli itatibu tatizo kabla sijatoa fedha. Naombeni mwongozo wenu.

Mzee wa Mamama, Moshi

Mwanangu, pole kwa usumbufu, na umefanya vema kueleza harufu hizo moja moja, kwa sababu kila moja inatoka mahali pake.

Tuanze na shina refu. Uyoga unavuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa kama sisi. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za hewa ya ukaa katika kila milioni, na mamama unaozaa unataka isipite 1,000 hivi. Ikizidi hapo, shina linarefuka na kofia inadumaa. Mifuko ambayo utando bado unaenea haisumbuliwi na hewa hiyo hata ikiwa nzito mara kumi zaidi, lakini yenyewe inaitoa kwa wingi pamoja na joto. Kwa hiyo uliyoiweka chini inaikosesha pumzi iliyo juu. Itoe leo, uipeleke mahali penye giza na pakavu, na utaona tofauti kabla ya kununua chochote.

Sasa harufu. Mfuko wenye afya unanukia uyoga mbichi, basi. Uchachu unatokana na mabua yaliyojaa maji, kwa kuwa hewa haipiti katikati na bakteria wanachukua nafasi. Ukikamua mabua kiganjani kabla ya kujaza, yatoe matone machache tu; yakitiririka, yaache yachuje tena. Ile kali ya kuwasha pua ni amonia, na mara nyingi ni dalili kwamba pumba imezidi na mfuko umepata joto. Kwa joto la Dar es Salaam mimi nisingevuka kilo 5 za pumba kwa kila kilo 100 za mabua makavu, na ikibidi ningeiacha kabisa.

Harufu ya nazi ndiyo ya kuiogopa. Hiyo ni ya ukungu wa kijani, ambao wataalamu wanauita Trichoderma, na baadhi ya jamii zake hutoa harufu hiyo hasa. Chunguza mfuko huo upande ulioelekea ukutani, huenda ukakuta doa jeupe lililoanza kugeuka kijani. Usiufungue humo ndani. Uvike mfuko mwingine wa plastiki, ufunge, utoe nje na uufukie mbali na mifuko mingine, halafu unawe mikono kabla ya kugusa kitu.

Tena, unapovuna, zungusha kishada kizima kitoke na kitako chake. Vitako vinavyobaki mfukoni vinaoza, vinanuka na kuwaita wale inzi weusi wadogo.

Kijana wa Kibaha

Mimi ningependekeza uepuke gharama. Chukua mkaa wa kupikia, uutie kwenye nyavu na uutundike ndani ya kihema katika pembe zote nne, kwa sababu mkaa hunyonya harufu. Pia badala ya feni ya kutoa hewa, tumia ya kuingiza hewa iliyochujwa, ili vimelea vya nje visipate njia. Ndivyo zinavyofanya maabara za mbegu za uyoga.

Fundi Viyoyozi, Tanga

Namheshimu ndugu wa Kibaha, ila ningependa kutofautiana naye katika mambo yote mawili, kwa kuwa hapa tunazungumzia nyumba yenye mtoto mgonjwa.

Mkaa wa kupikia una vitundu, lakini ni vichache na vingi vimezibwa na lami. Mkaa wa kwenye machujio huandaliwa kwa mvuke au kemikali katika joto kali, mara nyingi kutokana na vifuu vya nazi, hadi gramu moja ikawa na eneo la ndani linalokaribia mita za mraba 1,000. Hata huo una mipaka. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 70 vitundu vinaanza kujaa maji, na uyoga unahitaji asilimia 85 na kuendelea. Amonia haishiki vizuri, hewa ya ukaa haushughuliki nayo, na lile vumbi jeupe litauziba mapema. Kwa hiyo dada, fedha ya chujio iweke akiba kwanza.

Kuhusu mwelekeo wa hewa, maabara inasukuma hewa ndani ili kilichomo kisichafuliwe, nayo haina watu wanaolala jirani. Kihema chako ukikisukumia hewa, kila tundu la sindano litatoa harufu na vumbi kuelekea chumbani kwa mtoto. Wewe unahitaji feni inayovuta. Ifunge mwishoni mwa bomba, upande wa nje ya dirisha, ili bomba lote linalopita ndani ya nyumba liwe linanyonya na lisivujishe. Mdomo wa nje uelekee juu, mbali na madirisha ya jirani.

Ukubwa ni hesabu rahisi. Kihema chako kina mita za ujazo 6, na mamama unaozaa unataka hewa yote ibadilishwe kama mara 6 kwa saa, yaani mita za ujazo 36. Feni ya inchi 4 inayotoa mita za ujazo 100 kwa saa inatosha na kuzidi, na hiyo ziada ndiyo inayokausha kofia ikiachwa iwake muda wote. Nunua saa ya kuwashia umeme, uiweke iwake dakika 5 kila robo saa, kisha uongeze au upunguze kwa kusoma uyoga wenyewe: shina likirefuka ongeza, kingo zikikauka punguza. Tundu la kuingizia hewa liwe upande wa pili, chini, na lipate ukubwa wa mara mbili ya tundu la kutolea, likiwa limefunikwa kwa wavu wenye matundu madogo na kitambaa kinachopitisha hewa bila shida.

Ukitaka kuhakikisha, washa feni na usogeze kijiti cha udi kinachofuka kwenye mshono wa zipu. Moshi ukivutwa kuingia ndani, kazi imekamilika. Ukiyumba au kurudi kwako, kuna mahali feni imezidiwa.

Mzee wa Mamama, Moshi

Fundi amesema kweli. Niongeze tu kwamba hewa ya pwani ina unyevu mwingi usiku na alfajiri, hivyo hapo unaweza kuongeza dakika za feni bila hofu, na adhuhuri ukazipunguza. Maji nyunyizia kuta na sakafu, si kofia. Kofia iliyolala na maji juu yake hupata madoa ya kahawia yenye utelezi, na hiyo nayo ni harufu nyingine utakayoikaribisha. Usipulize manukato wala usinunue mashine za kuondoa harufu kwa hewa ya ozoni. Ozoni yenyewe inaumiza mapafu.

Muuguzi wa Kifua

Dada, naomba uniwie radhi nikizungumza kwa mkazo. Vumbi jeupe ulilolitaja ni spora, yaani vijimbegu vya uyoga, na mamama unazitoa kwa wingi kupita aina nyingi za uyoga unaolimwa. Harufu inakera, lakini spora ndizo zinazodhuru zaidi. Mtu anayezivuta mara kwa mara anaweza kupata uvimbe wa mapafu wa mzio: homa, baridi, kikohozi na kubanwa kifua, ambavyo huanza saa 4 hadi 8 baada ya kutoka kwenye uyoga na kupoa akikaa mbali nao. Kwetu hapa hali hiyo inaweza kudhaniwa kuwa malaria au nimonia. Ukipatwa nayo wewe au mtu wa nyumbani, nenda hospitali na umweleze daktari waziwazi kwamba mnalima uyoga.

Vuna mapema, wakati kingo za kofia bado zimejikunja kuelekea chini, kwa sababu zikishanyooka umwagaji wa spora unakuwa mkubwa. Vaa barakoa ya kiwango cha N95 au FFP2. Ya kitambaa haizuii chembe ndogo kiasi hicho. Badilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Na kwa maoni yangu, hata feni ikifungwa vizuri namna gani, umeme utakatika siku moja usiku. Kihema hicho hakistahili kukaa chini ya paa moja na mtoto mwenye pumu.

Mama Uwani, Dar es Salaam

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Mfuko wa pembeni nimeukagua na kweli una doa la kijani kwa nyuma, nimeufukia. Mifuko ya chini nimeitoa. Uani tuna kibanda cha matofali chenye paa la bati, kilichokuwa cha kuni. Je, naweza kuhamia huko, au joto la bati litaua uyoga?

Mzee wa Mamama, Moshi

Hamia, mwanangu. Tandika makuti juu ya bati, na ndani weka dari ya magunia utakayokuwa ukiyalowanisha asubuhi na adhuhuri. Toboa matundu ya hewa chini na juu katika kuta zinazotazamana, uyafunike kwa wavu. Kama joto la humo bado linapita nyuzi 30 adhuhuri, mbegu ya safari ijayo ulizia ya aina inayostahimili joto. Feni ya fundi itakufaa hukohuko, ila angalia isitazame dirisha la mtoto.

Muuguzi wa Kifua

Siku ya kuhamisha, mtoto apelekwe kwa ndugu hadi jioni. Vuna kwanza uyoga wote uliokomaa, toa mifuko kupitia mlango wa nje, kisha futa kuta na sakafu ya chumba kwa kitambaa kibichi. Usifagie, kwa sababu ufagio utairusha hewani spora yote iliyotulia. Mapazia na shuka za vyumba vya karibu zifuliwe siku hiyohiyo, na madirisha yaachwe wazi kabla mtoto hajarudi.