Zuzu, bwege, mshamba: lipi linamfaa nani?

Mtunzi_Redio: Wakuu, nina wahusika wawili kwenye mchezo wa redio. Mmoja ni mzee msomi anayetafuta miwani mezani kumbe kaivaa kichwani. Wa pili ni kijana aliyeshuka Kariakoo jana kutoka kijijini. Wote nimewaita "zuzu", mhariri kakataa. Nitumie maneno gani?

Mkalimani: Mhariri yuko sahihi. Zuzu ni zuzu leo na kesho. Mzee wako akili anazo, ila zimetoka kidogo. Hali ya kupita isemee kwa kitenzi: amezubaa, ameghafilika. Mtaani tunasema "ana wenge", kama mtu aliyekurupushwa usingizini akaitikia asichoulizwa. Ila angalia nani anasema. Mwanawe akimwambia "una wenge" kamvunjia heshima. Mjukuu anaruhusiwa, utani wao ndio huo.

Kamusi_Mkononi: Kijana ni mshamba, lakini usimchanganye na limbukeni. Neno hilo linatokana na kulimbuka, yaani kuonja mazao ya kwanza. Akisimama katikati ya barabara akikodolea ghorofa, ni mshamba. Akinunua simu yake ya kwanza akaongea hadi daladala nzima isikie, hapo ni limbukeni. Bwege ni yule wa kutapeliwa: kalipia simu, kufungua boksi anakuta kipande cha sabuni.

Na upatanisho usikuponyoke. Sema "zuzu huyu", "mazuzu hawa". Ukisema "zuzu hili" umegeuza utani kuwa dharau.

Bint_Pwani: Naongezea hamnazo, neno tamu sana redioni. Hiyo "-zo" ni akili: hamna hizo humo kichwani. Linatosha kuchekesha bila kueleza zaidi. Punguani na taahira yaache kabisa, yanawaumiza wenye ulemavu wa akili na familia zao.

Kama mchezo utafika Kenya, mshamba wanaielewa vizuri. Fala usiiweke, ni tusi. "Mtu wa kuja" pia iepuke Mombasa. Kule inagusa mvutano wa wenyeji na waliotoka bara, msikilizaji atasahau kucheka.

Mtunzi_Redio: Asanteni sana. Na kilaza je, kwa huyo kijana?

Kamusi_Mkononi: Hapana mkuu. Kilaza ni wa darasani, yule anayeshika mkia kila mtihani. Kijana wako anaweza kuwa mshamba wa kutupwa na bado akaongoza darasa.